Kungoja au kuwahi: usimamizi tendaji katika chumba cha uzazi na kwenye nyaya za umeme

Dada yangu ni mkunga katika kituo cha afya cha ngazi ya tatu, huku kwetu wilaya ya Busia, Uganda. Mimi ni fundi umeme. Usiku mmoja wa mvua ya radi alinipigia simu saa nane: "Kaka, umeme umekatika tangu magharibi. Kipimajoto cha friji kinasoma kumi na nne, na nina wamama wawili leba. Njoo na ile betri yako."

Nikapanda bodaboda nimeipakata betri kama mtoto. Nilimkuta ameshahamishia vichupa vya oksitosini, dawa ya kuzuia mama asitoke damu nyingi baada ya kuzaa, kwenye kisanduku cha barafu cha chanjo, amekizungushia kanga iliyokunjwa mara tatu, na juu ya mfuniko amebandika karatasi yenye saa na dakika aliyovitoa kwenye friji. Niliunganisha friji kwenye inveta, tukakaa kwenye benchi tukiangalia namba zikishuka: kumi na nne, kumi na mbili, tisa. Adhana ya alfajiri ilipolia ilikuwa saba. Akina mama wote wawili walijifungua salama.

Pale kwenye benchi ndipo tulipogundua kwamba kila siku tunabishana na watu juu ya jambo lile lile. Yeye huulizwa na ndugu wa mzazi: mtoto ametoka vizuri, damu haijamwagika, sindano ya nini? Mimi huulizwa na mwenye kinu cha mahindi au mwenye mradi wa sola: kwa nini nigharamie vifaa vya kupima na kurekebisha, wakati naweza kuvuta waya mnene nikamaliza? Wote wanauliza kama inafaa kungoja tatizo lijitokeze ndipo litibiwe, au kulitangulia. Hili la pili wataalamu huliita usimamizi tendaji, na limekita mizizi katika fani hizi mbili zilizo mbali mbali. Ninaziweka hapa kando kwa kando kwa sababu kila moja ilinisaidia kuielewa nyingine, na kwa sababu kuna watu wanaolazimika kuchagua katika zote mbili: msimamizi wa kituo cha afya, kwa mfano, au mwenyekiti wa kijiji anayetafuta umeme wa zahanati.

Dakika zinazofuata mtoto kutoka

Dakika hizi wakunga huziita hatua ya tatu ya uzazi: tangu mtoto atoke mpaka kondo la nyuma litoke. Mwishoni mwa mimba mishipa ya mfuko wa uzazi hupitisha karibu nusu lita ya damu kila dakika, au hata zaidi. Kondo likibanduka, kinachofunga ile mishipa ni msuli wa mfuko wenyewe kujikaza. Ukilegea, mama anaweza kupoteza damu nyingi kabla hata gari halijapatikana. Mililita 500 ndicho kipimo kilichotumika kwa miaka mingi kusema kwamba sasa hii ni hatari.

Njia ya kungoja ni hii: hakuna dawa, kiungamwana (kamba ya kitovu) hakibanwi mpaka kiache kupiga, na kondo linaachwa litoke kwa nguvu za mama mwenyewe, hata kama itachukua saa nzima. Mkunga anayeifuata kwa haki hajakaa tu. Anashika tumbo, anahesabu mapigo, anatazama damu. Njia ya kuwahi ni kumpa mama dawa ya kukaza mfuko mara mtoto anapotoka, kwa kawaida oksitosini uniti 10 ndani ya dakika moja, kisha kukibana kiungamwana baada ya dakika moja hadi tatu, na kukivuta kwa ustadi huku mkono mwingine ukiuzuia mfuko usishuke. Kondo kwa kawaida hutoka ndani ya nusu saa.

Mabishano haya yalipimwa Uingereza mapema. Utafiti wa Bristol ulitoka mwaka 1988, na ule wa hospitali ya Hinchingbrooke, mwaka 1998. Huo wa pili ulikuwa wa wanawake wasio na hatari kubwa, wengi wao wakipenda uzazi wa asili, katika hospitali iliyozoea njia zote mbili, kwa hiyo hakuna wa kusema njia ya kungoja haikupewa haki yake. Kati ya waliongojewa, karibu 17 kwa kila 100 walipoteza nusu lita au zaidi. Kati ya waliowahiwa, karibu 7. Ni tofauti ambayo dada yangu hawezi kuifumbia macho, nami simlaumu.

Hata hivyo kuwahi kuna bei yake. Dawa za zamani zenye ergometrini zilipandisha shinikizo la damu na kuleta kutapika, na zilizidisha maumivu ya tumbo baada ya kuzaa. Kubana kiungamwana papo hapo kulimnyima mtoto damu iliyokuwa njiani kumfikia. Ndiyo maana siku hizi husubiriwa dakika moja hadi tatu. Na kukivuta kunaweza kuugeuza mfuko ndani nje kukifanywa na mkono usiofunzwa.

Hapo ndipo utafiti mmoja wa mwaka 2012 ulipofanya kazi ambayo naiheshimu sana. Uliwachukua wanawake zaidi ya 24,000 katika nchi 8, Uganda ikiwemo, wote wakapewa oksitosini, lakini nusu yao hawakuvutwa kiungamwana. Tofauti ya damu nyingi iliyopotea ikawa ndogo mno. Kumbe ndani ya kile kifurushi kilichoitwa usimamizi tendaji, mzigo mkubwa ulibebwa na dawa peke yake. Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mwaka huo huo: dawa kwa kila mzazi, kuvuta, pale tu penye mhudumu aliyefunzwa, na kusugua tumbo mfululizo kwa mama aliyekwisha kupata oksitosini hakupendekezwi, ingawa kulishika mara kwa mara kuona kama mfuko umekaza ni lazima.

Dawa ipi, kwa friji ipi

Kwetu Uganda swali la kuwahi au kungoja limekwisha kujibiwa, na jibu ni kuwahi. Takwimu za kitaifa zilionyesha vifo 336 vya uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai katika utafiti wa mwaka 2016, na 189 katika ule wa 2022. Sababu za kushuka ni nyingi, sitaibebesha sindano peke yake sifa hiyo. Kwa kituo cha kijijini, swali lililobaki ni la kuwahi kwa kutumia nini.

Oksitosini ndiyo chaguo la kwanza. Ni rahisi, inaanza kufanya kazi ndani ya dakika chache, na faida yake kubwa ni kwamba chupa ile ile inayozuia ndiyo inayotibu damu ikianza. Udhaifu wake ni joto. Inataka nyuzi 2 hadi 8. Baadhi ya watengenezaji huandika kwenye boksi kwamba inaweza kukaa chini ya nyuzi 25, na wahudumu wengi wamepotea hapo, wakaiweka kabatini. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko kwamba ihifadhiwe kwenye baridi, na kwamba inaruhusiwa kuwekwa kwenye friji ya chanjo. Dawa iliyopigwa na joto haibadiliki rangi, hainuki, haikuambii kitu. Unaichoma kwa imani, na mama anaendelea kutoka damu. Mimi hili ndilo lililonitisha usiku ule.

Kabetosini isiyoogopa joto hukaa kwenye nyuzi 30 bila friji. Ililinganishwa na oksitosini kwa wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, Uganda ikiwa mojawapo, na matokeo yalichapishwa mwaka 2018: katika kuzuia upotevu wa nusu lita, haikuwa nyuma. Kwa upotevu wa lita nzima matukio yalikuwa machache kiasi kwamba haikuthibitika. Lakini kazi yake ni kuzuia tu. Hairuhusiwi kuanzisha uchungu, na damu ikiisha kuanza unahitaji dawa nyingine. Kituo kinachonunua kabetosini na kuiacha friji ife kimejinyima nusu ya silaha.

Misoprostoli ni vidonge, mikrogramu 600 kwa mdomo, na hukubali kukaa kwenye mkoba wa VHT, mhudumu wa afya wa kijiji. Huleta kutetemeka na homa, nayo ni dhaifu kuliko oksitosini nzuri. Lakini kuliko oksitosini iliyoiva kwa jua au mama asiye na kitu kabisa, chukua misoprostoli. Sharti moja lisiloguswa: isitumiwe kabla mtoto hajatoka, na kabla ya kuhakikisha kwamba hakuna pacha tumboni. Mfuko unaweza kupasuka.

Ukizitazama hizi tatu kwa jicho la fundi, utaona zinatofautiana kwa kiasi cha utayari zinachodai. Oksitosini inadai friji, umeme, na mtu wa kusoma kipimajoto. Kabetosini inadai pesa na mhudumu wa kuchoma sindano. Misoprostoli inadai mtu mmoja mwangalifu. Zote tatu ni usimamizi tendaji.

Sasa nyaya

Mtandao wa kusambaza umeme vijijini kwetu ni laini za kilovolti 33 na 11, ndefu, zinazoenea kama matawi: likikatika moja, walio mbele yake wote wako gizani. Volti hushuka kadiri unavyokwenda mbali. Saa mbili usiku, watu wakiwasha vyote, taa za mwisho wa laini hufifia, na kompresa ya friji hunguruma bila kuwaka mpaka inaungua.

Njia ya kungoja kwenye nyaya huitwa na mafundi kufunga na kusahau. Mhandisi anatafuta saa mbaya kuliko zote za mwaka, anaweka waya na transfoma za kuihimili, kisha anaondoka. Ilifaa zamani, umeme ukitoka upande mmoja tu, yaani kutoka mabwawa ya Jinja kuja kwako. Siku hizi kuna mitambo ya sola kwenye matawi yenyewe: Soroti megawati 10 tangu mwishoni mwa 2016, Tororo megawati 10 tangu 2017, Kabulasoke 20 tangu 2019. Mchana wa jua kali, watu wako shambani, umeme unageuka na kurudi nyuma kwenye laini, na volti ya mwisho wa waya inapanda badala ya kushuka. Yule mhandisi wa kufunga na kusahau atahesabu saa hiyo moja, kisha amwambie mwekezaji: ama jenga laini mpya, ama punguza mradi.

Usimamizi tendaji humwambia hivi: jenga unachotaka, ila tutapima laini kila sekunde chache, na ikijaa tutakushusha. Mfano unaosomwa sana ni visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland. Nyaya mbili za chini ya bahari zilikuwa zimejaa, wenye mitambo ya upepo wamepanga foleni. Kuongeza waya kulikadiriwa kugharimu karibu pauni milioni 30. Mwaka 2009 wakawasha mfumo wa kupima na kuamuru mitambo, uliogharimu karibu nusu milioni, na mitambo mipya ikapata nafasi kwa masharti kwamba aliyekuja mwisho ndiye anayezimwa kwanza.

Tofauti ya bei ni ya kutamanisha, lakini sikiliza upande wa pili. Mitambo ikawa mingi, na waliokuja mwisho wakawa wanazimwa mara nyingi kuliko walivyotarajia. Kisiwa cha Eday, ambako jamii inamiliki kinu kimoja cha upepo, walifikia kutengeneza haidrojeni kwa umeme ambao ungepotea. Kwa Uganda hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mikataba mingi ya kuuza umeme ina kipengele cha kumlipa mwenye mtambo kwa umeme uliokuwa tayari lakini mtandao ukashindwa kuupokea. Baada ya bwawa la Karuma, megawati 600, uwezo wa mitambo yetu umepita megawati 2,000, na mahitaji ya saa za kilele bado yako nyuma sana. Tunachokosa ni njia ya kuufikisha. Kwa hiyo, ukiweka mfumo wa kuzima mitambo bila kwanza kuandika nani anabeba hasara, umehamisha gharama ya waya kwenye bili ya mwenye Yaka, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla.

Na wala usidhani usimamizi tendaji ni kompyuta na satelaiti tu. Usiku ule wa dada, radi ilikuwa imeunguza fyuzi ya tawi la laini linaloelekea kituoni. Fyuzi ni kifaa cha kufunga na kusahau: inajitoa mhanga mara moja, kisha inasubiri mtu mwenye nguzo ndefu ya kuibadilisha, hata kama tatizo lilipita kwa nukta moja. Sehemu kubwa ya hitilafu za laini za juu ni za kupita namna hiyo, radi, tawi lililogusa, ndege. Kuna swichi ya kujirudisha, ambayo hukata, husubiri sekunde kadhaa, hujaribu tena, na baada ya majaribio machache hujifunga kabisa mpaka mtu aje. Moja tu mwanzoni mwa tawi letu ingeweza kumwachia dada umeme wake kabla mvua haijaisha. Kama ningekuwa na shilingi za kutumia mara moja kwenye mtandao wa kijijini, ningenunua hiyo kabla ya programu yoyote. Ni kama oksitosini katika kile kifurushi cha wakunga: kitu kimoja kinachobeba kazi nyingi. Nayo ina ukali wake: waya ukiwa umeanguka chini kwenye majani, kujaribu tena ni kuua mtu. Ndiyo maana lazima ipangwe na anayejua, na betri yake ikaguliwe.

Kutazama nako ni kazi

Kuna mahali ambapo tiba imeligeuza neno "tendaji" likawa la kutazama kwa makini. Kwa saratani ya tezi dume iliyogunduliwa mapema na isiyo kali, madaktari huweza kumshauri mzee asipasuliwe. Apimwe damu na kuchunguzwa kwa ratiba, na tiba ianze ugonjwa ukisogea. Utafiti wa Uingereza uliowafuata wanaume 1,643 kwa miaka 15 ulionyesha mwaka 2023 kwamba karibu 97 kati ya 100 hawakufa kwa saratani hiyo, wawe walipasuliwa, walipigwa mionzi au walifuatiliwa tu. Lakini ufuatiliaji huo una maana pale tu mzee atakaporudi. Kama nauli ya kutoka Kaabong, kaskazini-mashariki kabisa, hadi hospitali ya Mulago jijini Kampala itamshinda mara ya pili, ajadiliane na daktari wake kwa ukweli kabla ya kukubali njia hii.

Ni sawa na laini isiyo na mawasiliano. Ukitegemea mnara wa simu kuamuru mtambo, na mnara nao unazimika umeme ukikatika, basi siku unayouhitaji mfumo wako ndiyo siku usiyonao.

Uchague ipi

Ulinganisho huu una mahali unapokatika, na ni vyema kupataja. Mfumo wa nyaya ukipoteza mawasiliano, unaweza kuupanga ushuke wenyewe kwenye hali salama: mtambo unajizima, laini inabaki nzima, kesho unajaribu tena. Mwili wa mama hauna hali ya namna hiyo. Kwa hiyo kwenye nyaya naweza kumshauri mtu ajaribu, apime, arudi nyuma. Leba sithubutu.

Kama wewe ni mjamzito au mume wake, uliza kituoni mapema mambo mawili: mna dawa gani ya kukaza mfuko, na inakaa wapi? Ukijibiwa "kabatini" kwa oksitosini, uliza tena. Kama unapenda uzazi usio na dawa, una haki ya kusema, na mkunga mwema atakusikiliza. Ila kungoja kunataka mahali ambapo damu, dripu na gari viko karibu. Nyumbani kwenye barabara ya matope usiku, sipo upande wako.

Kama unasimamia kituo, usianze na dawa wala na sola. Anza na kipimajoto cha shilingi chache na daftari. Wiki mbili za kuandika zitakuambia kama friji yako inastahili kuaminiwa. Ikistahili, baki na oksitosini. Isipostahili, omba kabetosini ya kuzuia, weka oksitosini kidogo kwenye friji ya chanjo kwa kutibu, na misoprostoli iwe ya akiba. Ndipo utafute paneli na betri za friji peke yake, zisizochangiwa na televisheni ya chumba cha kusubiria wala chaja za simu za wafanyakazi.

Kama unataka kuunganisha sola kwenye laini, kwanza pima volti za mwisho wa tawi mchana na usiku kwa mwezi mzima. Tofauti ikiwa ndogo na mradi ukiwa mdogo, waya wa kawaida unatosha na utalala usingizi. Ikiwa kubwa, nenda kwa UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme inayouendesha mtandao tangu Aprili 2025, ukiwa na namba hizo mkononi, na usitie saini mahali palipoandikwa kwamba unaweza kuzimwa mpaka uone kwa saa ngapi na kwa malipo gani.

Friji ya dada sasa ina paneli zake. Anasoma kipimajoto saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, anaandika kwa kalamu ya buluu, na zikipita nane anaandika kwa nyekundu na kunipigia. Tangu Ramadhani iliyopita kuna mistari minne ya nyekundu kwenye daftari. Mitatu kati yake ni mlango ambao mtu hakuufunga vizuri, kwa hiyo nimemtengenezea kengele ya mlango, na wa nne bado tunautafuta.